Udongo Unaomeza

Kazi ya kuipiga ardhi nyundo ukiieleza mbele ya watu wanaojiheshimu watakucheka, na Kishindo alikwisha kuchekwa na wengi, akiwamo mama mkwe wake. "Yaani binti yangu anaolewa na mtu anayepiga chini nyundo?" mama huyo aliuliza siku ya kwanza kumwona. "Kwani hapo chini kumemkosea nini?" Miaka ishirini na miwili ikapita, mama mkwe akazeeka, na Kishindo alikuwa bado anapiga.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Mtu akitaka kujenga, anataka kwanza kujua ardhini kumefichwa nini: tangi la mafuta lililosahauliwa, shimo la choo lililofunikwa juujuu, msingi wa nyumba ya mtu aliyekwisha kufa na siri zake. Huwezi kuchimba kila mahali. Basi bamba la chuma linalazwa chini, Kishindo analipiga kwa nyundo ya kilo saba, na mtetemo unazama. Kando yake kumepangwa mstari wa vikopo vidogo vyenye mwiba, vimechomekwa udongoni, na nyaya zake zinakwenda kwenye kompyuta. Wao waliviita masikio. Mtetemo ukigonga ukuta au uwazi huko chini unavunjika, unatawanyika huku na huku kama maji ya bomba yanapolipiga jiwe, na vipande vyake vinarudi juu mpaka kwenye masikio. Vipande hivyo waliviita chenga. Anayejua kuzisoma chenga anaweza kukuambia: hapa pana kitu, kina chake mita mbili, ukubwa wake kama chumba.

Ila chenga ni dhaifu. Gari likipita barabarani, mtu akiburuta ndoo, zimepotea. Kwa hiyo kila nukta hupigwa mara nane, kompyuta inayajumlisha mapigo yote nane, kelele zinauana zenyewe kwa zenyewe, na chenga zinaongezeka mpaka zinaonekana. Mara nane, kwa nguvu ileile. Kisha bamba linasogezwa mita moja, mara nane tena. Mstari mmoja una nukta ishirini. Piga hesabu mwenyewe, halafu umcheke.

Kikosi chao kilikuwa na watu watatu. Mtaalamu, binti wa miaka thelathini na moja, ndiye aliyesoma chenga na kutia saini ripoti. Alikuwa mpole, mwenye kusema "samahani" hata kwa mlango. Nyaya, mwanamume wa makamo mwenye mdomo usiojua likizo, alichomeka masikio na kutandaza nyaya. Na Kishindo, miaka hamsini na sita, alipiga. Mtaalamu alimwita baba. Kila walipoajiri mtu mpya katika kikosi cha pili, alimleta kwanza amtazame Kishindo akipiga. "Angalia mkono wa baba," alimwambia. "Mapigo manane kama mapacha." Kishindo alijifanya hasikii, na siku hizo alikula chakula cha mchana kwa madaha.

Bega la kulia lilianza kumsaliti wakati wa mvua. Mwanzoni lilikuwa linauma jioni tu. Baadaye likawa linauma asubuhi, na siku moja alishindwa kuingiza mkono kwenye shati. Alisimama katikati ya chumba, shati limening'inia upande mmoja, akijizungusha kama kuku mwenye kideri. Mkewe, fundi cherehani, alimtazama mpaka akachoka, akasimamisha cherehani yake.

"Lete huo mkono."

"Nililalia vibaya."

"Wiki ya tatu hii unalalia vibaya? Hicho kitanda kina vita?" Akamvalisha polepole, akafunga vifungo, akapiga kola vizuri. "Waambie kazini. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo cha bega?"

"Cheka tu. Mimi nashona nguo za watu, nayajua mabega. Hilo lako limeshuka."

Hakuwaambia. Na sababu yake naisema bila kumpaka mafuta, kwa kuwa yeye mwenyewe aliijua. Kabla yake kulikuwa na mpigaji mwingine, mzee mmoja aliyeharibika mgongo. Waajiri hawakumfukuza, walimpa kazi ya kukaa chini ya mwavuli na kulinda mizigo. Kishindo, wakati huo kijana mwenye kifua, ndiye aliyembandika jina la Bibi Harusi, maana alikaa tu kivulini akisubiri watu. Kila mtu alicheka. Yule mzee naye alicheka, na mwezi uliofuata hakurudi kazini. Miaka yote hiyo Kishindo hakumkumbuka hata mara moja. Sasa bega lilipouma alimkumbuka kila siku, na uso ulimwaka moto hata akiwa peke yake.

Ndivyo walivyofika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Shule ilitaka kujenga madarasa mawili, na malori ya matofali yangepita uwanjani. Wazee wa mtaa walisema zamani palikuwa na vyoo vya shimo, ila kila mmoja alionyesha kidole upande wake. Mtaalamu akachora mistari tisa.

Kishindo alipiga mstari wa kwanza hadi wa sita kwa heshima zote, kwa siku mbili, akiuma meno. Mstari wa saba ulianza saa tano, jua likiwa kali. Kwenye nukta ya kwanza alipoinua nyundo, kitu ndani ya bega kilichanika, au alihisi hivyo, na jasho la baridi likamtoka. Akashusha nyundo. Haikupiga, ilianguka tu kwa uzito wake. Kompyuta ikahesabu: moja.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Kwenye mpini wa nyundo kulikuwa na swichi ndogo iliyofungwa kwa utepe mweusi, na kazi yake ilikuwa kuiambia kompyuta kwamba bamba limeguswa. Ilihesabu mguso tu, haikuuliza ni wa nguvu gani. Kishindo alilijua hilo kwa miaka ishirini na miwili na hakuwahi kulifikiria vibaya. Siku ile alilifikiria. Akainua nyundo mpaka kiunoni, akaiacha ianguke. Mbili. Tatu. Alimaliza nukta zote ishirini namna hiyo, akitoa sauti ya "hap!" kila mara ili yaonekane ni mapigo ya kweli.

Nyaya, aliyekuwa amechuchumaa mwisho wa mstari, aliweka kiganja chini. "We mzee, leo unapiga au unabembeleza?"

"Chomeka masikio yako uniache."

Mtaalamu alikuwa nyuma ya pikapu, kitambaa kimefunika kompyuta ili kuzuia mwanga. Alitoa kichwa. "Baba, samahani. Mstari huu mbona hafifu hivi? Umepiga kama kawaida?"

Ukweli ulikuwa mlangoni kabisa. Angeweza kusema, "Mwanangu, bega limekataa." Maneno matatu. Badala yake alijifuta jasho, akaokota udongo, akausugua kati ya vidole kama daktari, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi, "Udongo wa hapa ni wa kumeza. Umeuona ulivyo laini? Ukiupiga unaumeza mtetemo, haurudishi kitu. Si kwamba kuna kitu chini. Ndivyo ulivyo."

Mtaalamu aliutazama ule udongo kiganjani mwake. Alikuwa amesoma miaka mingi, na vitabuni hakuwahi kuukuta udongo wa namna hiyo ukielezwa hivyo. Lakini hayo yalisemwa na Kishindo. "Kumbe," alisema. "Asante, baba." Akarudi kwenye kompyuta. Kishindo alipiga mstari wa nane na wa tisa kwa mkono wa kushoto, vibaya lakini kwa nguvu, akasema anajifunza mkono wa pili. Nyaya alimsifu kwa kejeli. Ripoti ikatoka: uwanja ni salama.

Wiki tano baadaye lori la matofali liliingia shuleni kinyumenyume, likafuata mstari wa saba kama lililoelekezwa, na magurudumu ya nyuma yakazama. Ardhi ilifunguka taratibu, kisha kwa ghafla. Dereva aliruka, akavunjika kifundo cha mguu. Matofali yakamiminika shimoni.

Kikosi kiliitwa palepale. Kishindo alipofika alikuta shimo la choo la zamani, kuta zake za mawe bado zimesimama, pana kama sebule. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Lori limezama saa nne na dakika kumi," alisema. "Watoto walikuwa wamerudi darasani kutoka mapumzikoni saa nne kamili. Dakika kumi kabla walikuwa wanaruka kamba hapo." Akaonyesha. Kamba yenyewe ilikuwa ukingoni, nusu yake ndani. "Mlituambia pako salama. Nani alisema?"

Mtaalamu alisogea mbele. "Mimi, mwalimu. Saini ni yangu. Kosa ni langu."

Kishindo alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Alisikia kila neno. Miguu ilitaka kusogea, ulimi ukajiviringisha kama jongoo aliyeguswa, na dakika ikapita, na nyingine, na mwalimu mkuu akaenda kuwahesabu watoto wake. Mtaalamu alipiga magoti ukingoni. "Shimo lote hili, na sikuliona," alisema, si kwa mtu. "Macho yangu yana nini?"

Wakati wa kurudi Nyaya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza njia nzima. Waliposhuka alimvuta Kishindo kando. "Kaka, mimi si mtu wa kusemea wenzangu. Lakini kiganja changu kilikuwa chini siku ile. Wakiniuliza, usitegemee nitadanganya."

Kishindo alikaa na hilo siku mbili. Aliona haya mbele ya mkewe, aliona haya mbele ya sahani ya chakula. Alipokwenda kumwona dereva wa lori nyumbani kwake, yule bwana alimshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kuja, akasema ndiyo maana watu wazima wanahitajika, vijana na kompyuta zao wataua watu. Kishindo alitoka hapo akatembea mitaa miwili akipita njia isiyo yake.

Siku ya tatu asubuhi mkewe alimvalisha shati kama kawaida, akafika kwenye kifungo cha juu, akaacha.

"Sema."

Akamwambia yote, mpaka "hap!" Mkewe alisikiliza akiwa ameshika kola. Hakumtukana. "Yule binti anakuita baba," alisema mwishowe. "Sasa baba gani huyo anayejificha nyuma ya sketi ya mtoto?" Akamalizia kifungo. "Nenda."

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na siku zote ilinuka tapentaini. Mtaalamu alikuwa peke yake, macho mekundu, karatasi za mstari wa saba zimetandazwa mezani. Alikuwa akiandika barua ya kujieleza kwa wakubwa. Alikwisha kuichana mara kadhaa, kapu lilionyesha.

"Karibu, baba. Nisaidie. Nimeupitia mstari huu mara kumi. Chenga hazipo. Zingekuwapo ningeziona, au sijui kusoma tena?"

"Unajua kusoma," alisema Kishindo. "Hazipo kwa sababu sikupiga."

Alisema akiwa amesimama, akiitazama sakafu. Alieleza bega, alieleza nyundo iliyoachwa ianguke, alieleza swichi. Hakujitetea kwa umri wala kwa maumivu. Alipomaliza alisubiri kelele, na moyoni alizitamani, maana kelele zina mwisho.

Mtaalamu aliuliza kitu kimoja tu. "Na ule udongo unaomeza?"

"Niliutunga."

"Hakuna udongo kama huo?"

"Udongo laini upo, na unapunguza mtetemo, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Lakini kusema kwamba ukiona hafifu basi hakuna kitu, hilo nililitunga pale pale. Ili usiniulize zaidi."

Binti aliweka kalamu mezani kwa uangalifu mkubwa, kama inayoweza kuvunjika. "Baba," alisema, na neno hilo lilimchoma. "Mimi nimelitumia. Kikosi cha pili walikuwa wakiniletea mistari hafifu. Zamani ningewaambia warudie. Safari hii niliwaambia, Kishindo amenifundisha kitu, huu ni udongo wa kumeza, pitisheni." Akafungua kabati, akatoa mafaili matatu. "Kiwanda cha matofali. Hao hawajaanza kujenga. Uwanja wa soko, hawa nao bado, nawapigia simu sasa hivi." La tatu alilishika bila kulifungua. "Zahanati. Tangi la maji, juu ya nguzo, mgongoni mwa wodi ya wazazi. Lita elfu kumi. Wamelijaza wiki iliyopita."

Kishindo alikaa. Hakukaribishwa kiti. Alikuwa amekuja na dhambi moja mkononi, amejipanga kuiweka mezani na kufukuzwa kazi, na hata kufukuzwa alikwisha kukuzoea akilini. Kumbe ule uongo haukukaa mahali alipouacha. Ulikuwa umetembea na miguu ya watu wengine, watu waaminifu, ukitajwa kwa jina lake kama hekima.

"Nikachukue nyundo?" aliuliza.

"Nyundo atapiga mwingine. Wewe njoo na mdomo wako."

Zahanati ilikuwa jengo refu jeupe la chini, na tangi lilikuwa limesimama nyuma yake kwa nguzo nne, jipya, jeusi, zuri. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani, aliwapokea kwa furaha akidhani wamekuja kukagua. Mtaalamu alianza, "Mama, samahani, kuna kosa limetokea," na hapo Kishindo akamshika mkono, akasogea mbele yake. Ilimchukua siku tatu na wiki tano kusogea hatua hiyo moja.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilidanganya mahali pengine, na uongo wangu ukatumika hapa. Hatujui chini ya nguzo hizi kuna nini. Huenda hakuna kitu. Lakini mimi ndiye niliyefanya tusijue."

Muuguzi mkuu alimtazama kuanzia viatu hadi mvi. "Mzee mzima," alisema tu. Kisha akageuka, akaanza kutoa amri: bomba lifunguliwe maji yamwagike, wodi ihamishwe sasa hivi, wagonjwa wote upande wa mbele.

Nikuondolee wasiwasi wewe unayesoma: jioni ile kikosi cha pili kilipiga mara nane kila nukta, kwa nguvu, na chini ya zile nguzo hawakukuta kitu. Udongo mtupu. Lakini saa ile hakuna aliyejua, na akina mama kumi na wanne walitoka vitandani.

Kishindo alipewa kazi ya kushikilia mlango, kwa sababu ulikuwa na springi na ulijifunga wenyewe. Aliushikilia kwa mkono wa kushoto. Wakapita mbele yake mmoja mmoja, wengine wakishika ukuta, wengine wakiburuta kanga, watoto wamefungwa kama mikate. Mmoja alikuwa amejifungua asubuhi ileile na alitembea kwa hatua za nusu unyayo, dada yake akimshika kiuno. Nyuma ya jengo maji yalikuwa yakimwagika kwa kishindo kikubwa, na mtoto mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata.

Yule aliyejifungua asubuhi alipofika mlangoni alisimama apumzike. Alikuwa msichana hasa, hata miaka ishirini huenda hakuwa nayo. Alimwona mzee mwenye mvi akiwashikilia mlango, jasho likimtoka, akadhani ni mtu mwema wa pale zahanati. Akamshusha mwanawe kidogo kifuani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Kishindo alifungua mdomo. Neno la kujibu analijua kila mtoto, na yeye alikwisha kulitamka maelfu ya mara bila kulifikiria. Halikutoka. Msichana alisubiri, kama anavyosubiri mtu aliyelelewa vizuri, akimtazama usoni bila haraka. Kisha dada yake akamvuta taratibu, wakatoka juani.